Mwenye Jicho

Hapo zamani, nyinyi mkiwa bado hamjafikiriwa, palikuwa na mji wenye mitaa miwili, Bondeni na Mlimani. Mitaa hiyo haikuazimana hata chumvi, na ugomvi wenyewe ulikuwa mpira wa magongo. Kila mwaka wasichana wapya walipangwa uwanjani, na wachaguzi wa mitaa wakawachagua kwa zamu, mtaa ulioshindwa ukitangulia. Ukimtaka msichana unafunga utepe wako kwenye gongo lake. Basi, ni wako, akufae asikufae.

Palikuwa pia na gongo la mpingo. Msichana akiupatia mtaa wake kombe, hukabidhiwa gongo hilo ampe mtu mmoja tu, yule aliyeona uwezo wake kabla ya watu wote. Mtu huyo huitwa Mwenye Jicho mpaka anaingia kaburini.

Bi Mkasi, mchaguzi wa Bondeni, alilitaka gongo lile mpaka akaliota. Miaka ishirini anachagua, hajalishika. Akisikia mwingine anaitwa Mwenye Jicho, chakula hakimpiti kooni.

Mwaka huo zamu ya kwanza ilikuwa yake. Akamwona Semeni. Lo, msichana mrefu, miguu inagombana yenyewe kwa yenyewe, gongo linamponyoka, watu wanashika mbavu! Lakini Bi Mkasi aliona jambo. Wasichana wote walikimbilia mahali mpira ulipo. Semeni alikimbilia mahali utakapokwenda. Alichelewa kufika, ndiyo, ila alichelewa kule kule mpira ulikokuja kutua. Moyo wa Bi Mkasi ukapiga pa! Huyu akipewa miaka mitatu, alijiambia, hashikiki.

Sasa nyinyi mngefanyaje? Bi Mkasi aliogopa kuchekwa. Akawaza, nani atamtaka huyu? Nitamchukua zamu ya pili. Akafunga utepe kwa Hidaya, msichana aliyekwisha kuiva, na Bondeni wakapiga vigelegele. Lakini macho yake, jamani, yalikataa kumwacha Semeni.

Bwana Faki, mchaguzi wa Mlimani, alikuwa na kijicho, na msikichanganye na jicho. Hakuwatazama wasichana kabisa. Alimtazama Bi Mkasi. Akaona anakotazama, akainuka, akafunga utepe kwa Semeni.

Uwanja mzima uliangua kicheko. Bi Mkasi alicheka kuwashinda wote, asije akagundulika.

"Faki, umeokota kuni!" alipiga kelele.

Mwaka wa kwanza Semeni alianguka. Mwaka wa pili alianguka tena, sasa kwa mwendo wa kasi. Mwalimu wake, Bi Tatu, alimfundisha kila asubuhi huku akilalamika. "Nimemkosea nani mimi? Inama, mwanangu. Sivyo. Rudia." Hakuona kitu kwa mtoto yule na alisema hivyo waziwazi, ila hakukosa hata asubuhi moja.

Na Bi Mkasi? Kila Ijumaa alipita Mlimani makusudi. "Kuni zenu zimeshika moto?" aliuliza, kisha akarudi kwake kulia. Alimwonea wivu Faki kwa ule utepe. Alimwonea wivu Bi Tatu kwa kumshika mtoto mkono. Hata mbuzi wa Mlimani aliwaonea wivu, maana wao walimwona Semeni akifanya mazoezi kila siku.

Mwaka wa tatu mitaa ikakutana tena kugombea kombe. Hidaya alicheza vilevile alivyocheza siku aliyochaguliwa, wala hakuongeza kitu. Semeni alifunga mabao matatu. Kombe likaenda Mlimani.

Sheha, mkuu wa mji, akampa Semeni gongo la mpingo. "Mpe aliyekuona."

Bwana Faki akatangulia. "Utepe ni wangu. Miaka mitatu nimechekwa mimi. Angeshindwa, aibu ingekuwa ya nani?"

Bi Tatu akamsukuma pembeni. "Nilipompokea hapakuwa na cha kuonwa. Hiki mnachokiona leo nimekitengeneza mimi, kwa mikono hii."

Mara watu wakaguna. Kutoka upande wa walioshindwa alikuja Bi Mkasi, kanga imemwanguka begani, hajali.

"Faki hakumwona," alisema. "Aliniona mimi nikimwona. Mwambieni aape."

Bwana Faki alitazama chini. "Sitaapa. Ni kweli. Lakini uliona, ukaogopa, ukaniachia."

Semeni akamgeukia Bi Mkasi. "Bibi, kama uliniona, mbona ulinicheka miaka mitatu?"

"Wivu, mwanangu. Kila ulipoanguka nilifurahi, na kila ulipoinuka niliugua. Lakini nilikuona. Siku ile hakuna mwingine aliyekuona."

Semeni alilishika gongo kwa mikono miwili, na sheha akamwambia afanye haraka, watu wana safari.

Haya, wenzangu, msinitazame mimi. Bi Mkasi aliona, hakuthubutu. Bwana Faki alithubutu, lakini kwa jicho la kuazima. Bi Tatu hakuona kitu, na pasipo yeye pasingekuwa na kitu. Gongo ni moja na halikatwi vipande. Je, nani alistahili kuitwa Mwenye Jicho?