Kibuyu Kilichooshwa

Ndugu zangu, mmewahi kukaa mkatafakari jinsi maziwa yanavyoganda? Mimi yananishangaza mpaka leo. Unayakamua yangali na joto la ng'ombe, unayamimina kwenye kibuyu chenye mabaki ya mtindi wa jana, unafunika, unakwenda zako kulala. Hakuna mkono unaoyagusa. Kunakucha, unakuta mabonge mazito meupe, na maji yake yamejitenga, maangavu. Nani kaifanya kazi hiyo? Wewe ulikuwa unakoroma!

Basi palikuwa na mama mmoja mwenye kibuyu cha namna hiyo. Chachu ya mle ndani alipewa na mama yake mzazi siku alipoolewa, na huyo naye aliipata kwa mama yake. Wote wawili walikwisha kuzikwa, lakini kila asubuhi kazi ya mikono yao ilionekana mle kibuyuni.

Zamani, angali mkarimu, mama huyu alimgawia jirani yake kikombe kimoja cha mtindi ule akaanzie wake. Kosa la jirani likawa nini? Mtindi wake ulisifiwa! Harusini watu walilamba vidole, wakasema haujapata kutokea. Mama wetu moyo ukamuuma, na salamu zikakatika. Tangu hapo kila aliyekuja na kikombe alijibiwa mlangoni, "Chachu ya nyumba hii haitoki nje." Alijiona ameweka akiba, na si tunasema akiba haiozi?

Halafu mzee wake, yaani mumewe, akaugua. Ugali ulirudi, uji ulirudi, hata chai ilirudi. Kitu pekee kilichokaa tumboni ni yale maji ya mtindi, kijiko kwa kijiko. Mama akawa anayachuja kila asubuhi akimshukuru Mungu.

Siku moja alikwenda zahanati kumchukulia mzee dawa. Huku nyuma mkamwana wake, binti mwema, bado mgeni pale nyumbani, akaona kibuyu kinanuka. Akachemsha maji, akachukua sabuni, akakisugua ndani na nje, akakianika juani.

"Mama, leo nimekusaidia," alisema akimpokea mzigo. "Kile kibuyu kilikuwa kimevunda, nimekiosha."

Mama akakiinua, akakinusa. Sabuni tupu. Akakaa chini pale pale uani. Angemgombeza vipi? Mtoto wa watu alikuwa anatabasamu.

Alijaribu kugandisha bila chachu. Yaliganda, ndiyo, lakini yalikuwa machungu, yametoa povu. Mzee aliyatema, akageukia ukutani. Mama akaogopa sana. Akawakumbuka wote waliowahi kuja na vikombe vyao. Aende kwa nani kati yao? Hawakuwa na kitu, na aliyewanyima ni yeye mwenyewe. Ilibaki nyumba moja tu, na ndiyo ile aliyokuwa akiipita bila kusalimu.

Alibisha hodi macho yakiwa chini.

"Karibu, mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja, lakini sina uso wa kusema."

Akasema hivyo hivyo, kwa shida. Jirani hakungoja amalize. Aliingia ndani, akatoka na kibuyu kizima, kimejaa.

"Kikombe tu kinanitosha," mama akamwomba.

"Unaniomba, mama? Hiki ni chako. Mimi nilikuwa nakutunzia tu."

Mzee alipopewa kijiko cha kwanza alifumba macho, akameza, akatulia. Kisha akamwambia mkewe kwa sauti ndogo, "Huu ni ule wa mama yako." Mama akaangua kilio, kwa sababu ilikuwa kweli.

Wapendwa, mnayaona maajabu haya? Alichokifungia ndani kilikufa, na waliokiua si adui wala mwizi, ni maji na sabuni. Lakini kikombe alichokitoa, tena akajuta kukitoa, ndicho kilichobaki hai, kikimngoja kwenye nyumba aliyoinunia. Mungu alikihifadhi huko, naye hata hakujua! Na sisi je, tulio na mikono ya birika? Tunahesabu tulichonacho kabatini na kusema tuko salama. Haya, niambie wewe uliyekaa hapo mbele, na wewe uliyejificha kule nyuma: kibuyu chako kikioshwa kesho, utabisha hodi kwa nani?