Mjukuu wa Mtemi Lugembe

Paukwa!

Pakawa!

Walio nyuma wasogee mbele. Anayekoroma aamshwe.

Hapo kale, kabla bibi yake bibi yangu hajazaliwa, palikuwa na nchi ndogo iliyokatwa katikati na mto. Watu wa huku na watu wa ng'ambo walikuwa ndugu. Walioana. Walizikana. Moto ukizimika huku, walivuka kuomba kaa la moto kule. Mtemi wao alikuwa mmoja, jina lake Lugembe.

Msidhani Lugembe alianza vibaya. Wateka watu walipokuja na minyororo yao, ni yeye aliyewakusanya vijana akasimama mbele. Wakapigana, wakapigana, hata wateka watu wakatimua mbio, minyororo ikilia nyuma yao, kocho, kocho, kocho. Wazee wakampa kiti. Wakamwambia, "Tutunze." Akajibu, "Nitawatunza."

Basi akakaa. Akakaa na mkuki mkononi. Vita vikaisha, mkuki hakuuweka chini. Akasema nchi inataka walinzi, akawachukua vijana mashambani. Akasema walinzi wanataka kula, akachukua nafaka ghalani. Akasema wazee wa baraza wanachelewesha mambo, akalivunja baraza. Mzee mmoja akauliza kwa nini. Nyumba yake ikatiwa moto mchana kweupe, watoto wake wakitazama. Baada ya hapo hakuuliza mtu.

Mashamba yakaota magugu. Njaa ikaingia, ikakaa kama mgeni asiyejua kuaga. Lugembe akaona watu wanamtazama kwa jicho jingine. Akasema, "Njaa hii imeletwa na watu wa ng'ambo. Wanaficha nafaka." Watu wa ng'ambo nao walikuwa wakila mizizi, lakini nani angesema?

Sasa Lugembe hakuwa akisema na watu mwenyewe. Alikuwa na mpiga mbiu, mtu mzima mwenye mke na watoto, jina lake Shigela. Kila asubuhi Shigela alipuliza pembe, buuu, buuu, watu wakatoka kusikiliza. Zamani alitangaza harusi na misiba na msako wa nguruwe. Siku hizi alitangaza makatazo.

Shigela hakuwa mtu mbaya. Neno la mtemi likitoka kali, yeye alililainisha. Mtemi akisema, "Wapigwe," Shigela alitangaza, "Waonywe." Mtemi akisema, "Nyang'anyeni," Shigela alitangaza, "Changieni." Alijiambia moyoni, nawapunguzia watu uchungu. Na mtemi aliliona hilo, akalipenda.

Siku moja akatumwa kutangaza kwamba hakuna ruhusa ya kuvuka mto. Atakayevuka, mkuki. Shigela akatangaza, "Mtemi anawaomba mkae majumbani kwa usalama wenu." Walinzi wakasimama kwenye kivuko.

Katika nchi hiyo palikuwa na mkunga, Nyanzala. Huyu ndiye ninayetaka mumkumbuke. Kila aliyekuwa hai huku na ng'ambo, mikono ya kwanza kumgusa ilikuwa ya Nyanzala. Alimpokea Lugembe. Alimpokea Shigela. Hakuwa msemaji. Ukimwendea na shida yako alikuuliza kwanza, "Umekula?" Ndipo akakusikiliza.

Asubuhi moja mtu akaita kutoka ng'ambo ya mto. Alikuwa mume wa Kabula, na Kabula alikuwa binti wa Lugembe mwenyewe, aliyeolewa kule kabla ya ugomvi. Akaita, "Bibi Nyanzala, njoo. Kabula ameshikwa na uchungu, mtoto amekaa mkingamo."

Nyanzala akachukua mkoba wake akateremka kivukoni. Walinzi wakamzuia.

"Bibi, rudi. Ni amri."

"Mnajua nani anazaa kule? Kabula."

Walinzi wakatazamana. Mmoja akamgeukia Shigela, aliyekuwa pale kivukoni na pembe yake, akasema, "Shigela, kimbia ukamuulize mtemi."

Shigela akakimbia. Akamkuta Lugembe amekaa kitini, akamweleza yote. Lugembe hakuinuka. Akauliza, "Nilisema nini kuhusu mto?"

"Ulisema asivuke mtu."

"Asivuke mtu."

Shigela akashtuka. Akangoja neno jingine, halikuja. Akarudi polepole. Njiani akawa analitafuta neno la kumwambia yule bibi, akalipata. Akasema, "Mtemi anasema subirini kidogo."

Nyanzala akakaa kwenye jiwe akasubiri. Jua likapanda. Ng'ambo mume wa Kabula akaita tena. Jua likafika utosini, likaanza kuteremka. Ng'ambo sauti ikakauka.

Nyanzala akageuka. "Shigela, mtemi alisemaje?"

Shigela akatazama chini.

"Mficha uchi hazai, mwanangu. Alisemaje?"

"Alisema asivuke mtu."

Nyanzala hakumkaripia. Alikaza nguo yake kiunoni, akaingia majini, chubwi, chubwi, chubwi. Mlinzi mmoja akainua mkuki. Yule bibi hakugeuka kumtazama. Mlinzi akaushusha. Na Shigela akabaki amesimama na pembe yake, mdomo umemkauka kama aliyelamba majivu.

Kulipokucha, Lugembe akatoa amri ya vita. Wapiganaji wakapangwa ukingoni, safu nyuma ya safu, wembamba kwa njaa. Ng'ambo nao wakatoka, wenye pinde, wenye majembe. Kaka alimwona kaka yake upande wa pili. Akainamisha uso.

Ndipo Nyanzala akatokea ng'ambo, akaingia majini, amepakata kitu kwenye nguo. Hakuna aliyerusha mshale. Akavuka, akapanda ukingo, akasimama mbele ya mtemi. Kile kitu kikalia, nga, nga, nga.

"Lugembe," akasema, "Kabula hatunaye. Nilichelewa. Ningewahi angepona. Huyu ni mjukuu wako, ni mwanamume. Mpokee."

Waliokuwa mbele walisikia. Lugembe akamtazama mtoto. Kidevu chake kikatikisika, na Shigela, aliyekuwa ubavuni pake, akadhani sasa atalia. Kisha Lugembe akageuka akawaona wapiganaji wake wanamwangalia. Uso ukafungika.

"Mimi sina binti ng'ambo," akasema. "Huyo ni mtoto wa adui. Mtupeni mtoni."

Shigela alidhani hakusikia vizuri. Masikio yalimlia, nziii. Alitazama huku na huku kuona kama wengine wamesikia alichosikia yeye, akawaona wa mbele wamepigwa na butwaa, wengine wameziba midomo. Akatafuta neno laini, kama alivyozoea. Akatafuta, akatafuta. Kwa neno lile hakupata.

Safu za nyuma zikawa zinauliza, "Amesemaje? Amesemaje?"

Lugembe akamwambia, "Piga mbiu. Waambie mtemi amewaamuru wavuke."

Nyanzala akasema kwa upole, "Shigela, mwanangu. Sema alivyosema."

Shigela akainua pembe. Buuu. Buuu. Akatangaza, na sauti yake ikafika pande zote mbili za mto.

"Wa huku na wa ng'ambo, sikieni. Kabula binti Lugembe amekufa kwa uchungu wa uzazi. Mkunga alizuiwa kivukoni. Mimi nilisema asubiri, mtemi hakusema asubiri. Mtemi alisema asivuke mtu. Leo mtemi ameletewa mjukuu wake. Amesema, sina binti ng'ambo, mtoto atupwe mtoni. Ndivyo alivyosema."

Maji peke yake ndiyo yaliyosikika.

Akatoka mbele Mihayo, mzee aliyepigana na wateka watu bega kwa bega na Lugembe. Akauliza, "Umesema hivyo?"

"Nimesema. Na atakayebisha atamfuata mtoto huyo mtoni."

Mihayo akaulaza mkuki wake chini, akaketi kando yake. Aliyekuwa nyuma yake akaulaza wake. Na mwingine. Na mwingine. Kwa, kwa, kwa, mpaka safu ya mwisho. Ng'ambo pinde zikashuka.

Lugembe akamwinulia Nyanzala mkuki, na mtoto yumo mikononi mwake. Yule bibi hakurudi nyuma hata unyayo. Akasema, "Nilikupokea huna hata nguo, Lugembe. Sikukuogopa siku ile." Walinzi wawili wa mtemi mwenyewe wakamshika mkono, wakamnyang'anya mkuki.

Wako waliotaka auawe pale pale. Nyanzala akakataa. Akasema, "Akamchimbie binti yake kaburi."

Wakamvusha. Akachimba, ardhi ngumu kwa ukame, watu wa pande mbili wamezunguka. Wengine husema alilia. Shigela, aliyekuwa karibu, alisema hakulia. Alikuwa akitazama viganja vyake tu. Mazishi yalipokwisha akashika njia peke yake, akaenda asikorudi.

Maghala yakafunguliwa. Nafaka iliyokutwa mle, nyingine ilikuwa imeoza, na watu waliiona kwa macho yao. Vijana wakarudi mashambani. Baraza likarudi. Wazee wakamwendea Nyanzala, wakamwambia kiti ni chako. Akawauliza, "Mmekula?" Kisha akasema, "Nikikaa kitini, nani atazalisha?" Mtoto akalelewa pande zote mbili, akinyonya kwa kila mama aliyekuwa na maziwa.

Shigela naye akaja na pembe yake, akaiweka miguuni pa yule bibi. "Mpe mwingine," akasema. "Neno langu tamu limemuua Kabula."

Nyanzala akaichukua pembe, akamrudishia mikononi.

"Wewe unajua sasa neno tamu linaweza kufanya nini. Mwingine itabidi naye ajifunze, na sina Kabula mwingine wa kumfundishia."

Shigela akaichukua. Akaipiga mpaka uzeeni, na hakulainisha neno tena.

Ndugu zangu, mtawala dhalimu hana mikono mingi. Anayo miwili tu kama sisi. Mingine tunamwazima, na wengine wetu tunamwazima ulimi.

Hadithi nimeitua hapa. Aliyeipenda aibebe, aliyeshtuka ashtuke vizuri.