Fahali Aliyevaa Skafu ya Wageni

Paukwa.

Pakawa.

Pakawa na nini?

Na mvua.

Mvua ya wapi?

Ya Ayalandi, isiyojua kupumzika.

Haya, sogeeni basi, na mwenye kusinzia asinzie upande ule.

Hapo kale, katika nchi hiyo ya mvua, wanyama walikuwa na ligi yao ya mpira. Timu ya Vichakani ilikuwa ndogo, na washabiki wake wa kusafiri walikuwa wachache, hata ukiwakalisha kwenye benchi moja ingebaki nafasi ya kuweka mwavuli. Mkubwa wao alikuwa Bibi Kalunguyeye, yule mdogo wa miiba. Timu ikicheza nyumbani alikwenda akipenda. Ikicheza ugenini alikwenda hata akiwa na homa. "Nyumbani kila mchezaji ana mama," alikuwa akisema. "Ugenini hana mtu." Na ukweli mwingine hakuusema, nami nausema: tangu afiwe na mumewe, jamaa zake walikuwa hao washabiki aliosafiri nao garini.

Golikipa wa Vichakani alikuwa Sungura. Naona mnachekelea, mnangoja ujanja. Msingoje. Sungura wa leo ni mwoga, na anachokijua ni kudaka mpira tu, tena mpaka aisikie ngoma ya kwao. Ikilia ndu-ndu-ndu, anadaka. Ikinyamaza, anatetemeka, na mpira unampita katikati ya miguu kama mwenye nyumba.

Basi ilikuwa mechi ya mwisho ya msimu, na Vichakani walikuwa wageni wa Zizini. Wakitoka sare, wamebaki kwenye ligi. Wakifungwa, wanashuka daraja. Na huko chini timu zote ni za majirani, unakwenda kwa miguu na kurudi kabla chai haijapoa. Hakuna safari, hakuna gari, hakuna kuimba njiani. Bibi Kalunguyeye alipofikiria hayo, akawa wa kwanza kupanda garini.

Gari lilivutwa na Punda. Kwata-kwata-kwata, likapanda kilima. Cha-cha-cha, mvua ikalipiga.

"Punda, baba, tutafika?"

"Tutafika."

"Kabla ya filimbi?"

"Kabla ya filimbi."

"Na tutaingia?"

"Hilo kamuulize Fahali."

Kwata-kwata-kwata, likavuka daraja. Cha-cha-cha, mvua ikalifuata.

"Punda, baba, tutafika?"

"Bibi, tutafika."

"Na tutaingia?"

"Bibi, nimekwambia, kamuulize Fahali."

Fahali alikuwa mlinzi wa lango la wageni pale Zizini. Shingo yake ilijaza lango, na kilichobaki kilijazwa na tumbo. Safari ya kwanza Vichakani walipokuja, alichukua mikate yao. "Ushuru wa lango," akasema. Safari ya pili akachukua mikate na matofaa. "Ushuru umepanda." Safari ya tatu akachukua mikate, matofaa, na mwavuli wa Bata, mpiga ngoma wao, ingawa bata na mwavuli ni mambo ya wapi, hata Bata mwenyewe hakujua.

Leo walipofika, Fahali alikuwa akimwelekeza msaidizi wake, Kondoo.

"Filimbi ikilia, funga komeo. Mwenye skafu ya kijani, ya Vichakani, asitoke mpaka wenyeji wote wameshakwenda zao. Wageni hutoka mwisho. Hata akisema yeye ni nani."

"Hata akisema yeye ni nani, mkubwa," akasema Kondoo.

"Hata akilia."

"Hata akilia, mkubwa."

Kisha Fahali akawageukia wageni, akawanusa mmoja mmoja, akafika kwenye sufuria yao ya chakula. Ndani yake mlikuwa na viazi vya kuponda na kabichi, na siagi imeyeyuka katikati. Mate yakamdondoka, to, to, to.

"Ushuru," akasema. "Sufuria hiyo. Na ngoma hiyo."

Washabiki wakatazamana. Chakula walishazoea kunyang'anywa. Lakini ngoma?

"Ngoma hailiki, mkubwa," akasema Bata.

"Ngozi yake ya nani?"

"Ya mbuzi, mkubwa."

"Mbuzi ni shemeji yangu," akasema Fahali. "Siwezi kukaa nikisikia shemeji yangu anapigwa."

Bata akaanza kulia. Ndani ya uwanja wachezaji walikuwa wameshaingia, na Bibi Kalunguyeye aliyaona masikio ya Sungura yakigeuka huku na huku, yakitafuta. Alitamani kujikunja awe mpira, abingirike mpaka nyumbani. Lakini macho yake yalikwenda kwa Fahali, yakaenda kwa Kondoo, yakarudi kwa Fahali.

"Chukua, mkubwa," akasema. "Sufuria chukua, na ngoma chukua. Ila nakuonea huruma."

"Huruma ya nini?"

"Ukila hapa langoni, harufu itakwenda. Walinzi wenzako watakuja. Ndugu zake Kondoo watakuja. Utabaki na kijiko kimoja cha kuonja."

Fahali akatazama kulia, akatazama kushoto. Mlafi haogopi simba. Anaogopa mwenzake mwenye njaa.

"Basi nikale wapi?"

"Jukwaa la wageni, kule nyuma kabisa. Nani huwatazama wageni? Vaa skafu yangu tu, hakuna atakayekujua."

Fahali akavaa skafu. Sufuria akaibeba kwa pembe. "Na ngoma nimwachie Kondoo?" akajiuliza, kisha akajijibu, "Kondoo ataibadilisha kwa nyasi." Akaitundika ngoma shingoni. Lango la wageni lilikuwa dogo na jembamba, kwa makusudi, lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame. Fahali akainama, akajibana, akapenya, fyuu, na ngoma ya Vichakani ikaingia uwanjani juu ya shingo ya aliyeikataza. Washabiki wakamfuata kimya, kila mmoja akitazama miguu yake.

Fahali alikuwa ndiyo kwanza anatua mzigo wakati filimbi ilipolia. Prrrii. Na nyuma yao komeo likajibu, kacha.

Fahali akashtuka. Akarudi langoni mbio, ardhi ikitikisika.

"Kondoo, fungua."

"Wageni hutoka mwisho," akasema Kondoo kwa nje.

"Mimi ni Fahali."

"Hata akisema yeye ni nani."

"Mjinga wewe, mimi ndiye niliyekwambia hivyo."

"Na mimi ndivyo ninavyofanya, mgeni," akasema Kondoo, akaanza kutafuna nyasi.

Fahali aliporudi jukwaani alimkuta Bata anapiga ngoma kwa mdomo, ndu-ndu-ndu, na Bibi Kalunguyeye amejikunja juu ya mfuniko wa sufuria, miiba yote nje.

"Nipishe, bibi," akasema Fahali, shemeji ameshamsahau.

"Kwetu hatuli mpaka mechi iishe, mkubwa. Kaa, utazame mpira."

Fahali akakaa. Ndu-ndu-ndu, Sungura akadaka. Ndu-ndu-ndu, Sungura akadaka tena. Mpaka mapumziko hakuna aliyemfunga mwenzake, na washabiki wa Vichakani wakaanza kuimba, wachache hivyo hivyo, sauti zimekauka kwa baridi. Bibi Kalunguyeye hakuimba. Aliitazama mvua.

Nyinyi mnaijua ngozi ya mbuzi. Ikipata jua, inalia. Ikilowa, inalegea. Kipindi cha pili kilipoanza ngoma ikasema ndu-ndu. Baadaye ikasema du. Baadaye ikasema pwe. Bata akapiga mpaka mdomo ukamuuma, pwe, pwe, na kule golini masikio ya Sungura yakaanza kushuka. Kwanza moja, kisha la pili.

"Bibi, hasikii," akasema Bata.

"Naona," akasema Bibi Kalunguyeye. Hakuwa na ngoma nyingine. Hakuwa na moto wa kuikaushia. Sauti yake mwenyewe isingefika hata mstari wa mbele.

Mechi ikakaribia kwisha, na refa akaonyesha kidole chini. Penalti, ya Zizini. Uwanja mzima ukanyamaza, na Sungura peke yake golini.

Wote wakasimama kutazama. Wote isipokuwa Fahali, ambaye aliona hapo ndipo pa kula. Bibi Kalunguyeye alilihisi joto la pumzi yake kwa nyuma, na mara hiyo akajua afanye nini. Akafumba macho, akakoroma kidogo, krr, krr, akajisogeza kando kama mtu aliyepitiwa na usingizi, mpaka ukingo wa sufuria ukaonekana. Harufu ya siagi ikatoka.

Mpigaji akarudi nyuma, akaanza kukimbia. Fahali akanyoosha mdomo. Bibi Kalunguyeye akasikiliza hatua za mpigaji, akangoja, akangoja, na hatua ya mwisho ilipolia akabingirika, miiba yote, juu ya pua ya Fahali.

MBUUUUUUU.

Ng'ombe wa kijiji cha pili waliitika. Sungura aliruka juu kama aliyemwagiwa maji ya moto, na mpira ukampiga tumboni, puu, ukatoka nje. Kabla hawajaufuata, filimbi. Sare. Vichakani wamebaki.

Bata alilia tena, lakini kilio kingine. Bibi Kalunguyeye alikaa chini, akacheka peke yake, machozi yakimtoka. Sungura akaja mbio mpaka kwenye uzio.

"Bibi, ngoma gani ile?"

"Ngoma mpya, mwanangu. Ulidaka vizuri."

"Sikudaka, bibi. Nilidhani naliwa."

"Ni kitu kimoja," akasema Bibi Kalunguyeye.

Wenyeji wakatoka taratibu, na kila aliyepita alitazama jukwaa la wageni, akamwona Fahali wao, skafu ya kijani shingoni, aliyepiga kelele penalti yao ikipigwa. Hawakumtukana. Walimtazama tu, wakaenda. Uwanja ulipokwisha kuwa mtupu Kondoo akafungua komeo, akasema, "Safari njema, mgeni."

Fahali akasimama nje kwenye mvua, hana pa kwenda. Bibi Kalunguyeye akamfungulia sufuria, wakala wote, kila mmoja kijiko chake, na Fahali vijiko viwili.

"Twende naye basi," akasema Bata.

Punda akamtazama Fahali kuanzia pembe mpaka mkia. "Mimi mzigo huo sivuti," akasema. Akazivua hatamu, akampa, akapanda garini, akajifunika blanketi. Mpaka leo ukikutana na gari la Vichakani barabarani, likienda ugenini, anayevuta ni Fahali, na anayeuliza kama watafika mapema ni Punda.

Hadithi imekomea hapo. Aliyeipenda aibebe, asiyeipenda airudishe, sitaulizia. Na fundisho lake ni hili, mlishike vizuri: watoto, msiwe walafi. Ulafi ni tabia mbaya sana, na bila huo Vichakani tungeshuka daraja.