Giaboksi Mikononi mwa Fundi Saa

Wahenga walisema, "Ukiona vyaelea, vimeundwa." Maana yake ni kwamba kila chombo kinachokwenda vizuri kina mtu aliyekitolea jasho, hata kama mtazamaji hakuliona jasho hilo. Wengi wetu ni hodari wa kusifu kinachoelea. Aliyekiunda tunamkumbuka siku kinapozama. Waulizeni wakazi wa mtaa mmoja wa Mbagala, ambao walicheka kwanza na kujua baadaye.

Mtaani hapo aliishi Mzee Mbwana, fundi saa. Kwa miaka thelathini aliketi kwenye kimeza chake kando ya soko, lenzi jichoni na kibanio mkononi, akizirudishia uhai saa ambazo wenyewe walishazikatia tamaa. Kisha zikaja simu, kila mtu akawa na saa mfukoni, na kimeza kikaota vumbi. Vijana wakaacha kumwita fundi, wakamwita mzee tu. Hakulalamika, lakini jambo hilo lilimkera kuliko alivyokubali kusema.

Binti yake, Nusaiba, aliendesha gari la kupeleka watoto shule. Abiria wake walikuwa watoto sita wa Chamazi wenye ulemavu wa miguu, ambao madereva wengine waliwakwepa kwa uvivu wa kupakia viti vya magurudumu. Wiki tatu kabla ya shule kufunguliwa, giaboksi ya gari ikafa. Injini ilinguruma, gari lisisogee hata inchi moja, isipokuwa kwa kurudi nyuma. Na hivyo ndivyo Nusaiba alivyolifikisha nyumbani: kinyumenyume kutoka Barabara ya Kilwa mpaka uani kwao, kichwa nje ya dirisha, watoto wa mtaa wakimsindikiza kwa makofi na vigelegele. Aliposhuka, machozi yalikuwa yakimlengalenga.

Brightson, kijana mwenye gereji mtaa wa pili, aliingia uvunguni, akatoka akitikisa kichwa.

"Sista, hii otomatiki. Haifunguliwagi. Inatolewa, inafungwa nyingine."

"Na mie nikikosa nyingine?"

"Basi liuze skrepa, ishu iishe."

Nusaiba aliwafikiria abiria wake. Liuzwe skrepa, wale sita wapandishwe nini? Ndipo Mzee Mbwana, aliyekuwa kibarazani akisikiliza, alipokohoa.

"Kilichofungwa na mikono ya watu, kitafunguliwa na mikono ya watu. Itoeni, nitaifungua."

Brightson alicheka mpaka akashika kiuno. "Mzee wangu, hii siyo saa!"

"Najua, mwanangu. Hii ni kubwa, naiona bila lenzi."

Habari ilienea kama moto wa makuti. Kila aliyepita alikuwa na lake la kusema. "Mzee Mbwana, giaboksi yako inasema saa ngapi?" waliuliza, na mzee aliwajibu kwa utulivu kwamba bado anaitia majira. Hata Nusaiba moyoni alikuwa na shaka, ila hakuwa na pengine pa kukimbilia. Alijilaza chini ya gari pamoja na Brightson, aliyekubali kusaidia ili ashuhudie aibu kwa karibu, wakaiteremsha giaboksi kwa jeki.

Kazi ikaanza, na kazi hiyo ilikuwa na sheria. Hakuna kilichowekwa chini kabla hakijachorwa kwenye daftari: umbo lake, upande wake, na jirani yake wa kulia na wa kushoto. Masinia ya pilau yaliazimwa kwa kina mama wa shughuli, kila sehemu ya giaboksi ikapewa sinia lake. Sahani za klachi, zilizoungua zikawa nyeusi kama sufuria ya kuni, zilitungwa kwenye kamba kwa mpangilio wake mfano wa tasbihi. Hatimaye likafunguliwa bamba lenye vijia vya mafuta vinavyopindapinda kama vichochoro vya Mbagala, na ndani yake zikatoka springi kadhaa na gololi saba ndogo za chuma. Nusaiba alipotaka kuzifuta kwa kitambaa, baba yake alimshika mkono.

"Uzi mmoja tu wa kitambaa unaziba kijia, mwanangu. Zioshe kwa petroli, zikauke zenyewe juani."

Kwa siku kumi na tano walisugua, walipima na kuchora. Ijumaa ya mwisho kabla ya shule kufunguliwa, Mzee Mbwana alianika masinia yake uani, akaenda msikitini. Nusaiba alikuwa mjini kufuata sahani mpya za klachi na mipira ya kuzibia mafuta. Mvua ikakusanyika ghafla, bila hodi.

Mama Isack, jirani wa ukuta kwa ukuta, alikuwa mtu mwema. Mvua ikitishia, yeye huanua vyake na vya wenzake, iwe nguo, iwe mihogo, iwe nazi. Siku hiyo alianua nguo zake akazitia kwenye beseni, kisha akaona masinia ya mzee. Akayabeba moja baada ya jingine na kuvimimina vyuma vyote juu ya zile nguo, kama mtu anayeokoa mchele. Mzee Mbwana aliporudi alimkuta kibarazani, ameloa chapachapa, anatabasamu.

"Shikamoo, Mzee! Vyuma vyako nimeviokoa vyote, nguo zangu nishazitoa."

Mzee alitazama ndani ya beseni. Kazi ya siku kumi na tano ilikuwa imelala humo, chungu nzima, haina kichwa wala miguu.

"Marahaba. Ahsante, mama, Mungu akulipe," alisema, kisha akalibeba beseni mpaka uani kwake.

Jumamosi nzima baba na binti walichambua. Zile sahani zilikuwa bado kwenye kamba yake, hazikupotea mpangilio. Vilivyobaki walivisoma kwenye daftari, kimoja kimoja, mchoro kwa mchoro, na jioni masinia yakawa yamejaa tena kama mwanzo. Nusaiba alipiga kigelegele. Baba yake hakuitikia. Alikuwa anahesabu gololi. Zilikuwa sita.

"Funga tu, Mzee," alisema Brightson. "Kidude kama punje ya mtama! Nani ataiona kwamba haipo?"

"Gari litaiona."

"Baba, shule Jumatatu," Nusaiba alinong'ona.

"Ndiyo maana sifungi. Unataka likufie njiani na watoto wa watu?"

Mama Isack aliposikia, alikung'uta nguo zake zote mpaka foronya, huku akijilaumu. Hapana kitu. Ndipo akakumbuka kwamba shati moja halikuwemo: mumewe, Kamugisha, alikuwa amelivaa kwenda zamu yake kwenye yadi ya makontena, Kurasini. Simu yake haikupatikana. Usiku huo hakuna aliyelala vizuri katika nyumba zile mbili.

Jumapili asubuhi Kamugisha alirudi amechoka, akakuta watu wanne wanamsubiri mlangoni. Alipoulizwa, alitia mkono mfuko wa shati. "Hii? Nikajua ya Isack, ya kuchezea."

Mzee Mbwana aliipokea kwa kibanio chake cha saa. Aliiketisha mahali pake, akafunga sahani mpya na bamba, kisha akapuliza hewa kwenye vijia kwa pampu ya baiskeli, sikio likiwa limelala juu ya chuma. *Tak*, ikajibu klachi ya kwanza. *Tak*, ikajibu ya pili. Zilipojibu zote, alifumba macho akatabasamu. Kwa sauti hiyo alikuwa amelishwa miaka thelathini.

Jioni hiyo giaboksi ilipandishwa tena garini, na Jumatatu asubuhi mtaa mzima ulikuwa nje. Nusaiba aliwasha, akavuta gia ya mbele, akaachia breki. Gari likatulia kidogo, kisha likaondoka taratibu, kimya, bila kushtuka, likapita mbele kwa mbele njia ileile lililoijia kinyumenyume. Nusaiba alicheka huku analia. Baada ya saa moja alipiga simu kutoka Chamazi, na baba yake akasikia watoto sita wakiimba garini. Alijivuna siku ile, na haki alikuwa nayo.

Wiki iliyofuata gari lilipita likiteleza, na jirani mmoja akasema, "Binti ana bahati huyu, gari lake lilipona lenyewe."

"Lenyewe?" Brightson aliruka. "Nenda kaone daftari, braza!"

Yeye mwenyewe alikuwa njiani, akisukuma toroli lenye giaboksi ya mteja wake. Alifika kibarazani kwa Mzee Mbwana, akasimama kwa adabu, mikono nyuma.

"Shikamoo, fundi. Naomba unifundishe."

Mzee alisikia alivyoitwa: fundi, siyo mzee tu. Kisha akamkabidhi penseli.

"Marahaba. Anza kuchora, mwanangu. Ukiona vyaelea, vimeundwa."