Zumari ya Rai na Kidonge cha Jioni

Rai hakuwa na usingizi. Hakuwa na hamu ya chakula, hata siku ambazo mkewe Umazi alimpikia samaki wa nazi na wali mweupe kama pamba. Hakuwa na neno la kumwambia jirani, hakuwa na kicheko, hakuwa na machozi, na wala hakuwa na sababu. Hakufiwa, hakufilisika, hakugombana na mtu. Na yeye, aliyejulikana kutoka Kikoneni hadi Vanga kwa kupuliza zumari katika ngoma ya sengenya, sasa hakuwa hata na pumzi ya kuipuliza. Mwaka mzima zumari ilining'inia ukutani ikiliwa na vumbi.

Wahenga walisema papo kwa papo kamba hukata jiwe. Kamba ni laini na jiwe ni gumu, lakini mtu akitazama ukingo wa kisima cha zamani ataona mfereji uliochimbwa na kamba, ikipita pale pale kila siku. Anayesimama kutazama siku moja tu hataona kitu, ataondoka akisema kamba haina nguvu. Rai nusura awe mtu huyo.

Jumatatu moja, saa nne asubuhi, Salimu alipiga hodi. Salimu alikuwa mkuu wa kikundi cha sengenya na mpigaji wa ngoma kubwa iitwayo vumi. Mkononi alishika barua, na uso wake uling'aa kama sahani iliyosuguliwa kwa majivu.

"Karibu," alisema Umazi.

"Yuko wapi bwana zumari?"

"Yuko ndani. Amelala."

"Saa hizi amelala?"

"Usingizi hajaupata. Amelala tu."

Salimu aliingia, akavuta kigoda, akasoma barua kwa sauti. Kikundi chao kilialikwa kwenye tamasha la ngoma za asili huko Diani. Vikundi vingetoka pwani yote, na kitakachoshinda kingepelekwa Nairobi. Majina ya wachezaji yalitakiwa katika muda wa wiki sita, na jina likishapelekwa halingebadilishwa.

"Mwenzangu," Salimu alisema, "ngoma bila zumari ni harusi bila bibi arusi. Kaingu yupo, anapuliza vizuri, lakini pumzi inamkatikia njiani. Wiki ya mwisho tutawasikiliza nyote wawili, na jina la atakayeshinda ndilo litakaloandikwa. Siwezi kukuwekea nafasi kwa sababu ya urafiki."

Rai aliitazama zumari ukutani. Kitu kidogo kilimchoma kifuani, kama cheche inayoruka kutoka jikoni. Alitambua kwamba alikuwa akitaka. Mwaka mzima hakuwa ametaka chochote, na sasa alitaka jina lake liwemo katika barua ile.

"Umazi," aliita Salimu alipokwisha kuondoka, "ile kliniki uliyoniimbia miezi miwili, inafunguliwa siku gani?"

"Alhamisi," Umazi alijibu upesi, kabla mumewe hajaghairi.

Alhamisi walikuwa wa kwanza kwenye foleni. Daktari aliitwa Wayua, binti wa wahamiaji wa Kikamba waliopewa mashamba Shimba Hills. Aliwaamkia shikamoo wote wawili, akafunga mlango, akauliza maswali yake taratibu. Mwishoni aliuliza, "Mzee, umewahi kufikiri kwamba afadhali usingekuwapo duniani?"

Rai alitazama sakafu. Umazi alimshika kiwiko.

"Niliwahi. Mara mbili."

"Ahsante kwa kuniambia. Fikira hiyo ikirudi, usingoje Alhamisi. Mwambie mama hapa, na mje siku hiyo hiyo. Ugonjwa wako unaitwa sonona, na una dawa." Alimwonyesha kidonge kidogo kuliko punje ya mtama. "Kimoja kila jioni, baada ya chakula. Sasa nisikilize vizuri. Dawa hii usumbufu wake hutangulia, na faida yake hufuata nyuma. Wiki mbili za kwanza utasinzia mchana, ukiinuka ghafla utaona kizunguzungu, mikono inaweza kutetemeka, na kinywa kitakauka. Wiki ya tatu au ya nne ndipo utaanza kuona mwanga, na wengine hungoja hata ya sita. Usikiache na usikizidishe bila kuniuliza."

"Kinywa kitakauka?"

"Ndiyo, mzee."

"Mimi ni mpiga zumari, daktari."

 Wayua alikulia huko huko, naye alijua kwamba ulimi wa zumari, kile kipande cha ukuti kinachoingia mdomoni, hautoi sauti usipolowa mate. "Basi," alisema, "una kazi mbili."

Usiku wa kwanza Rai alilala kama gogo, na Umazi aliamka mara tatu kusikiliza kama mumewe anapumua. Siku ya tatu kinywa kilikuwa kikavu kama barabara ya Taru wakati wa kiangazi. Hata hivyo alipangusa zumari, akaketi uani, akapuliza. Sauti iliyotoka ilikuwa ya mbuzi anayevutwa sikio.

Kaingu alikuwa akipita na baiskeli yake. Alisimama, mguu mmoja chini. "Mzee Rai, leo mnachinja?"

"Tunachinja," Umazi alimjibu kutoka jikoni, "lakini wewe hukualikwa."

Siku ya kumi na moja mikono ilianza kutetemeka, na hapo ndipo Rai alipofanya kosa. Kwa miaka thelathini alikuwa akiitwa kupuliza zumari katika ngoma za kupunga pepo. Aliona kwa macho yake jinsi mgonjwa anavyoanza kutetemeka vidole pale anapoguswa na kitu ambacho pepo wake hakitaki, iwe harufu, iwe nguo, iwe chakula. Na dawa ya hapo aliijua: kitu kile huondolewa, na pepo hutulia. Alivitazama vidole vyake vikichezacheza kama majani ya mnazi, akajiambia, "Pepo amekikataa kidonge." Akavifunga vidonge vyake katika kitambaa, akavichomeka kwenye makuti ya paa. Kila jioni alinyanyua gilasi ya maji mbele ya mkewe, akameza maji matupu.

Jioni nne zilipita. Usingizi ulikimbia.  Lile jiwe la sonona lililomkalia kifuani mwaka mzima, lililokuwa limesogea kidogo tu bila yeye kutambua, lilirudi likakaa mahali pake. Lakini kilichomshangaza zaidi kilikuwa vidole. Bado vilitetemeka. Yeye aliyajua mambo haya kuliko wengi: pepo akipewa anachotaka hutulia. Huyu amepewa, mbona hatulii?

Jioni ya nne alishindwa kuvumilia, akavitoa vidonge kwenye makuti na kumweleza mkewe yote.

Umazi alikuna nazi yake hadi kifuu kikabaki kitupu. Kisha akasema, "Mume wangu, pepo gani huyo asiyejua kushukuru?"

Rai alikifungua kitambaa, akavihesabu vidonge.

"Kesho ni Alhamisi," Umazi aliendelea. "Utakwenda kumwambia daktari kama ulivyoniambia mimi, bila kupunguza."

Wayua alimsikiliza mpaka mwisho, wala hakucheka. "Nyanya yangu alikuwa mcheza kilumi, ngoma ya pepo," alisema. "Kwetu pia tuna ngoma hizo, na watu hutetemeka hivyo hivyo, kwa hiyo naelewa ulivyofikiri. Lakini mtetemeko huu ni wa dawa. Mwili unaizoea, na ulipoikatiza ghafla ukashtuka tena. Hebu niambie, ulipojifunza zumari mashavu yaliuma siku ngapi?"

"Mwezi na zaidi. Nilikuwa sitafuni hata muhogo."

"Ukaitupa?"

"Mwalimu wangu angenitupa mimi."

"Basi sasa mwalimu wako ni mimi. Anza tena leo, kimoja, jioni. Kunywa maji kidogo kidogo kutwa nzima. Kitu kikali kama ukwaju au mabuyu huita mate. Na ukiinuka, inuka kama mzee mwenye heshima zake, usiruke kama panzi."

"Zimebaki wiki nne, daktari. Nitawahi?"

"Siwezi kukuahidi. Ninachojua ni kwamba ukisimama tena njiani, hutawahi."

Rai alirudi nyumbani na mfuko wa mabuyu mekundu. Tangu siku hiyo jioni zake zilikuwa namna moja: chakula, kidonge, maji. Asubuhi alipuliza zumari mpaka midomo ikafa ganzi. Siku tano zilipita kama si kitu. Siku kumi, jiwe lilikuwa pale pale. Siku ya kumi na mbili aliamka akasikia harufu ya mahamri, akashangaa, maana hakukumbuka lini mara ya mwisho pua yake ilimletea habari njema. Siku ya kumi na tano alimuuliza Umazi leso aliyovaa aliinunua lini.

"Mwaka jana," alisema Umazi.

"Mwaka jana? Nilikuwa wapi mimi?"

 Umazi aligeuka akafuta macho kwa pindo la leso hiyo hiyo.

Jumamosi iliyofuata Kaingu alipita tena, akamwona Rai uani amefyonza mabuyu hadi midomo imekuwa myekundu pyu.

"Mzee, rangi hiyo ya mdomo umenunua Ukunda?"

"Nimenunua mbili," Rai alijibu. "Moja ni yako, ya kujifariji utakaposhindwa."

Kaingu aliangua kicheko, nusura aanguke na baiskeli. Jikoni mchi ulisimama ghafla juu ya kinu. Ulikuwa mzaha wa kwanza kutoka kinywani mwa Rai kwa zaidi ya mwaka, na Umazi aliusikia wote.

Siku ya majaribio ikawadia. Ilikuwa Jumanne, saa tisa alasiri, na barua ilitakiwa iondoke siku hiyo hiyo. Nusu ya Kikoneni ilijaa uwanjani nyuma ya soko. Wachezaji walifunga njuga, ngoma zilikaushwa juani hadi ngozi zikalia zikiguswa kwa kidole. Moyo wa Rai ulimdunda, naye aliufurahia mdundo huo, kwani kwa muda mrefu hakuwa na habari kama anao moyo.

Kaingu alitangulia. Alipuliza kwa utamu, upesi, na watu wakatikisa mabega. Lakini mara mbili pumzi ilimkatikia, na kila mara ngoma zilibaki peke yake kama watu walioachwa kivukoni.

Ikawa zamu ya Rai. Aliinuka taratibu, kama alivyofunzwa, na baadhi ya watu wakadhani anaringa. Alichovya ulimi wa zumari katika kikombe cha maji, akatema kokwa la buyu, akaanza. Sauti ya kwanza ilipasuka. Mtu mmoja alicheka. Vidole vilitetemeka kidogo. Rai alifumba macho, akalowesha tena, akapuliza mara ya pili.

Sauti ilitoka nyembamba, kisha ikanenepa, ikapanda juu ya paa za soko. Mashavu yalivimba kama vibuyu. Pumzi iliingia kwa pua huku sauti ikiendelea kutoka kinywani, na haikukatika. Salimu, kwa kumjaribu, alibadilisha mapigo ya vumi. Zumari ikageuka nayo. Akabadilisha tena, akaongeza mwendo, jasho likamtoka, na zumari ikawa mbele yake ikimwita. Vigelegele vilipasuka. Umazi aliitupa leso yake ya pili uwanjani. Na Kaingu mwenyewe, kabla hajajizuia, mabega yake yalikuwa yameshaanza kucheza.

Ngoma iliponyamaza, Salimu hakuuliza mtu. Aliketi kwenye benchi la duka, akatandaza fomu iliyokuja na barua, akaandika: Mpiga zumari, Rai Mwero. Msaidizi wake, Kaingu. Watu wakapiga makofi. Kisha kalamu ikasimama.

"Kuna mstari hapa chini," alisema kwa sauti ya chini. "Wanataka kujua mchezaji yeyote anayetumia dawa, na ni dawa ya nini, ili wahudumu wa afya wawe tayari. Rai, tuandike hakuna. Wakisoma mambo ya sonona watasema tumewaletea mwendawazimu. Tutaikosa safari."

 Rai alilijua alilokuwa akilitia hatarini, maana alilipigania wiki sita.

"Andika, Salimu," alisema.

"Mwenzangu, tumefika mbali."

"Kilichotufikisha ni hicho kidonge. Andika: Rai Mwero, dawa ya sonona, kimoja kila jioni. Kama hawamtaki anayekunywa dawa, wamchukue Rai wa mwaka jana, waone kama atawapulizia."

Salimu aliandika. Kaingu alikohoa. "Kama ni hivyo, basi niandikeni mimi pumu. Mnadhani pumzi inanikatikia kwa kupenda?"

Watu walicheka, na Rai akampiga Kaingu bega. Ndipo Umazi akauliza kwa upole, "Na wewe Salimu, zile dawa za presha ambazo mkeo hukufichia ndani ya chungu?"

Salimu alijikuna kidevu, akaandika jina lake mwenyewe. Mcheza njuga mmoja akataja kisukari. Mstari ukajaa, maandishi yakapanda pembeni mwa karatasi.

Salimu alisoma yote kwa sauti tangu juu hadi chini, akagonga muhuri wa kikundi, akakunja karatasi mara tatu, akaitia katika bahasha na kuigandisha kwa gundi. Dereva wa bodaboda aliyekuwa akielekea Diani aliipokea, akaitia kifuani ndani ya koti, akawasha pikipiki. Walisimama wote wakitazama mpaka alipopinda kona na kutoweka. Jua lilikuwa limeanza kuinama, na Rai akamgeukia mkewe akamwuliza wanapika nini, kwa kuwa jioni ilikuwa inakaribia na kidonge chake hakimezwi kwa tumbo tupu: papo kwa papo, kamba hukata jiwe.