Chatu Aliyefundisha Ufundi Bila Mikono

Hadithi iko mlangoni, jamani.

— Ifungulie.

Imekuja na uongo wake.

— Ukae karibu na moto.

Na ukweli je?

— Ubaki uani, tutaupitia tukienda kulala.

Haya. Kabla sijaanza, nionyesheni mikono. Wewe, na wewe unayejificha nyuma ya dada yako. Mikono?

— Tunayo.

Vizuri. Nikiuliza tena mnijibu hivyohivyo, maana kuna mahali katika hadithi hii nitataka kuwa na hakika.

Hapo kale, kwenye bonde lenye matete mengi, wanyama walichoka. Daraja likivunjika, hakuna wa kulijenga. Mlango uking'oka bawaba, unaegemezwa ukutani mpaka unaoza. Wakakaa kikao, wakasema, tunataka shule ya ufundi. Wakajenga karakana ndefu ya mawe, wakatundika ukutani kila kifaa: nyundo, misumeno, randa, tindo, keekee. Kisha wakatafuta mwalimu. Wanaojua kazi walikuwa kazini. Aliyekuwa na nafasi ni Chatu.

Chatu alikuwa mkubwa, ngozi inang'aa, na maneno yake yalitoka yamenyooka. Alijua jina la kila kitu duniani. Kitu kimoja tu hakuwa nacho. Mikono?

— Tunayo.

Ninyi mnayo. Chatu hakuwa nayo.

Sasa mwalimu wa ufundi asiye na mikono atafundisha nini? Atafundisha maneno. Siku ya kwanza alijizungusha juu ya meza ya kazi, zunguu, zunguu, akasema, "Wanangu, hapa hatugusi. Hapa tunasema." Chini ya kila kifaa pakawekwa kibao: USIGUSE.

Basi ikawa kila asubuhi ni hivi.

"Nyundo ni nini?"

"Nyundo ni kifaa chenye kichwa cha chuma na mpini wa mti, kwa kazi ya kugonga."

"Msumeno ni nini?"

"Msumeno ni kifaa chenye meno upande mmoja, kwa kazi ya kukata."

Aliyepatia alikaa. Aliyekosea hata neno moja alirudia darasa. Msidhani kurudia darasa ni kukalia tena dawati lilelile. Chatu alifungua kinywa, akasema kwa upole, "Pita ndani, mwanangu, ukajifunze zaidi." Gluu. Darasa la kurudia lilikuwa tumboni.

Na mle tumboni masomo yaliendelea. Hapo ndipo mimi mwenyewe huogopa kila nikisimulia. Chatu akiuliza, wa darasani wakijibu, walisikika na wengine wakijibu kwa chini, sauti zimefifia kama za watu walio ndani ya mtungi: "...kwa kazi ya kugongaaa." Hawakukosea kamwe. Chatu alikuwa akijitazama tumbo na kutabasamu. "Mnasikia? Wale ndio wanafunzi wangu bora."

Vifaa navyo vilikuwa na mambo yao. Mchana, jua la utosini, hakuna upepo hata wa kutikisa jani, msumeno ulianza kulia pale ukutani: ng'iii. Nyundo ikajigonga polepole kwenye mawe: ko. Ko. Ko. Wanafunzi walitazama chini. Hakuna aliyeuliza, kwa sababu swali hilo halikuwa kwenye somo.

Nungunungu peke yake ndiye aliyesoma kwa raha. Aliulizwa, "Randa ni nini?" Akajibu, "Randa ni shangazi yangu." Chatu akaitazama ile miiba yake, akameza mate, akasema, "Umepata alama zote, keti." Kila siku Nungunungu alikosea, na kila siku alipata alama zote.

Katika darasa hilo walikuwamo marafiki wawili, Fuko na Komba. Fuko macho yake yalikuwa ya pambo tu, haoni ubao. Tena maneno hayakukaa kichwani mwake mpaka ashike kitu mkononi. Komba alikaa karibu naye akimsomea, na kumwandikia herufi kiganjani kwa kidole. Vidole vya Komba havikujua kutulia. Siku moja nyundo ilipoanza ko, ko, ko, Komba aliinuka, akaishika, akaituliza kama unavyomtuliza mtoto.

"Ina joto," alimnong'oneza Fuko. "Fuko, ina joto kama mkono wa mtu."

Ulimi wa Chatu ukatoka: tsi, tsi. "Nani amegusa?"

Gluu.

Kesho yake Chatu aliuliza, "Nyundo ni nini?" na mle tumboni ikasikika sauti mpya, nyembamba, kama ya mtoto mchanga: "...kwa kazi ya kugongaaa." Fuko aliijua. Alikaa peke yake kwenye lile benchi, akalia kimya, na kiganja chake kilikuwa kitupu.

Chatu hakumpa muda wa kulia. "Siku ya soko ni mtihani. Fuko, wewe utaniambia mgono ni nini. Jibu lake ni hili: mgono ni mtego wa samaki uliosukwa kwa matete, una mdomo mpana na koo jembamba, kiingiacho hakitoki." Akaondoka kwa madaha. Fuko akajaribu kurudia. Mgono ni... mgono ni... Maneno yakamponyoka yote. Akajua siku ya soko atamezwa.

Akaenda kwa Nungunungu.

"Kaka, niazime miiba."

"Ya nini?"

"Nafanya mazoezi ya mtihani."

"Mtihani ni wa kusema, mdogo wangu."

"Wewe nipe tu. Mimi nasema kwa vidole."

Nungunungu akajikung'uta, miiba ikaanguka, para, paraa. Fuko akaibeba hadi shimoni mwake, akakata matete, akaanza kusuka gizani, bila kuona, kwa kupapasa. Mgono wa kwanza koo lilikuwa pana. Akatia mkono, ukatoka. Akaufumua. Wa pili koo lilikuwa jembamba mno; mkono haukuingia kabisa. Akaufumua. Wa mwisho aliusuka mkubwa, akapanga ile miiba kooni, ncha zote zikielekea ndani. Akatia mkono. Ukaingia vizuri sana. Akauvuta, ukagoma. Akapiga kelele mpaka Nungunungu akaja kumkwamua, na ngozi kidogo ikabaki mle. Hapo Fuko akajua amefaulu.

Halafu, akiwa analamba kidonda, akajiuliza jambo. Kama kiingiacho hakitoki, samaki huliwaje? Akakata tundu dogo nyuma, kwenye mkia wa mgono, akalitilia kamba ya kufungia. Hilo halikuwamo katika maneno ya Chatu. Maneno ya Chatu yaliishia pale samaki anapoingia.

Siku ya soko Fuko alichimba handaki, akatokea sakafuni mwa karakana, nyuma ya ile meza ya kazi. Akautegesha mgono humo, mdomo wake ukawa sawa na sakafu, mfano wa tundu la kawaida la fuko. Yeye akakaa nyuma ya mkia, ndani ya udongo.

"Fuko yuko wapi?" Chatu akauliza.

"Niko humu, mwalimu. Naona aibu. Nimesahau."

"Mgono ni nini?"

"Mgono ni kofia."

Tsi, tsi. "Kosa."

"Mgono ni ngoma."

"Kosa, mwanangu." Mate yalimjaa Chatu kinywani. Alikuwa hajakutana na jibu nono kama hilo. "Njoo huku nje."

"Miguu imeisha nguvu, mwalimu. Nirekebishe hukuhuku."

Chatu akashuka mezani, shwaa. Akaingiza kichwa. "Mgono ni mtego wa samaki uliosukwa kwa matete."

"Ndiyo, mwalimu."

Akaingiza shingo. "Una mdomo mpana."

"Ndiyo, mwalimu."

Akajibana, akasukuma. "Na koo jembamba. Na kiingiacho..."

"Kiingiacho hufanya nini, mwalimu?"

"Hakitoki," alisema Chatu.

Kule tumboni wakaitikia, taratibu, wote kwa pamoja: "...hakitokiii."

Chatu akajaribu kurudi nyuma. Miiba ikamwingia chini ya magamba. Akajaribu kwenda mbele. Tumbo lenye wanafunzi likakwama kooni. "Fuko, kitu gani hiki?"

"Ni jibu langu, mwalimu. Ukitaka kusogea, punguza mwili."

Chatu alisubiri, akaona uchungu unazidi, mwisho akatapika. Wakatoka mmojammoja, wanateleza, wakitambaa kuelekea lile tundu la mkia. Fuko akawapokea gizani kwa mikono. Akapapasa sikio: si Komba. Akavuta. Akapapasa pua: si Komba. Akavuta. Chatu naye alikuwa akisonga mbele nyuma yao, anapungua, anasonga. Vikaja vidole vidogo, vyembamba. Fuko akavishika, akavuta kwa nguvu zake zote, na nyuma ya miguu ya Komba kikamgusa kiganjani kitu cha baridi chenye ncha mbili. Tsi. Akavuta kamba, akafunga fundo, akaongeza la pili.

Mngejua furaha yake, msingependa kusikia kilichofuata. Walipotoka juani, wale waliookolewa walisimama mstari mmoja, mikono inaning'inia kama nguo kwenye kamba, wakikariri. Hawakunyamaza.

"Komba, ni mimi."

"Komba," alijibu Komba akitazama mbele, "ni mnyama mwenye macho makubwa na vidole vyepesi."

Fuko akaingiwa na hofu ambayo hakuipata hata handakini. Akamvuta hadi ukutani mwa karakana, akang'oa kibao, akamtia nyundo mkononi, akashika msumari mwenyewe juu ya kile kibao.

"Gonga."

"Nyundo ni kifaa chenye kichwa cha—"

"Gonga, ndugu yangu."

Komba akagonga. Ko. Msumari ukapinda. Akagonga tena, nyundo ikateleza, ikampata kidole gumba. Ikawa kimya. Macho ya Komba yakajaa maji, kisha akalia, kilio chake kilekile cha kitoto ambacho bonde zima lilikijua.

"Kidole changu," alisema. "Fuko wewe, kinauma."

Fuko alicheka, akamkumbatia huku analia. Halafu akampa nyundo anayefuata. Siku ile karakana nzima ilikuwa ko, ko, ko, uwi. Ko, ko, uwi. Na ule msumeno wa ukutani haukulia tena, maana ulikuwa na kazi.

Ule mgono waliuburuta mpaka mateteni, wakauacha jinsi ulivyo, na Chatu yumo mpaka leo, anafundisha. Ukipita huko mchana kukiwa kimya, utasikia, "Mgono ni nini?" Na ukisimama sana, utashangaa ulimi wako unataka kujibu. Usijibu. Nungunungu tu ndiye huenda kumjibu, akarudi na alama zote.

Mafunzo ya hadithi hii mmeyaona wenyewe. Watoto, heshimuni vibao. Msishike nyundo, mtaumia vidole. Kaeni kwa adabu, mkariri, na mwalimu akisema pita ndani, piteni, ndani kuna joto na wenzenu wapo.

Hadithi nimeifunga kamba, na ncha ninayo mimi. Anayetaka kutoka apitie mkiani.

Mikono?

— Tunayo.

Kuna mmoja hapo nyuma hajajibu. Mpeni nyundo.