Barafu Imevunjika Huku Juu

Niazimeni masikio, wapendwa, twende mbali kidogo, kaskazini kabisa ya dunia. Niliwahi kupita pande hizo; meno yaligongana mpaka wenyeji wakadhani nanena kwa lugha. Huko kuna mto unaoganda msimu mzima wa baridi, watu wanaukanyaga kama barabara. Nao unateremkia kaskazini, kwenye baridi zaidi. Kwa hiyo joto likija, barafu huvunjika kwanza kule juu unakoanzia, na chini bado mto umefungwa kama jiwe. Sasa maji na mapande ya barafu yakishuka yakakuta njia imezibwa, yataenda wapi? Yatapanda ukingoni, yaingie majumbani.

Ndiyo maana kijiji cha juu kina desturi: barafu ikipasuka, kabla mtu hajagusa wavu, wanawaita watu wa kijiji cha chini kwa simu ya upepo, ile redio ya kuitana, ili wakimbilie mlimani.

Mama mmoja wa kijiji cha juu alikuwa na mdogo wake kule chini, ametoka kujifungua. Jumapili moja asubuhi akasikia mto unanguruma. Barafu imekatika! Akakimbilia kanisani, maana simu ilifungiwa chumba cha nyuma, na ufunguo ulikaa mfukoni mwa mzee wa kanisa. Akakuta watu wanaruka. Baridi imekwisha, samaki watapatikana, nani asiimbe?

"Mzee, naomba ufunguo. Wa chini hawajaambiwa."

"Mama, tulia. Tuko katika shukrani."

"Mdogo wangu ana mtoto mchanga!"

"Na huyo mtoto kampa nani? Si Mungu? Basi Mungu kwanza. Keti, unawavurugia watu upako."

Akaketi. Jamani, akaketi! Aliogopa kuonekana hana imani. Kwaya ikaimba, ikarudia. Mzee akaomba maombi marefu kama yangu, ninyi mnayajua. Na yule mama macho yako kwenye mfuko wa lile koti, huku nje akisikia mapande ya barafu yakigongana, yakishuka.

Walipomaliza akanyakua ufunguo, akawasha simu, akaita mpaka sauti ikakauka. Mwishowe mdogo wake akajibu, anatetemeka.

"Dada, nimepanda na simu juu ya paa, mimi na mtoto. Maji yamefika madirishani. Mbona hamkutuita? Mlikuwa mnafanya nini muda wote huo?"

Yule mama akafungua kinywa. Aseme nini? Aseme, "Tulikuwa tunamshukuru Mungu"?

Nawauliza, kwenu neno hilo lingetoka? Leo nina hasira, na naanza na mimi mwenyewe niliyeshika kipaza sauti. Ni Mungu gani huyo anayependezwa na vigelegele vyetu huku mtoto analowa juu ya paa? Sisi tukipona, tunatoa ushuhuda. Tukivuka, tunashona sare. Na yule ambaye hatari inamwendea mbio, akililiwa na nduguye, tunasema anatuvurugia ibada!

Jana mvua imeipiga milima yetu hii, na leo mmekuja mnasifu kwamba matangi yamejaa. Mto wetu nao una watu kule bondeni. Nani amewapigia?

Basi kwaya, acheni kuimba. Kila mtu atoke nje na simu yake, akawaambie wahame ukingoni. Tokeni! Mungu atatusubiri.